Kubadilisha mkanda wa chuma uliochakaa kwenye saa ya mkononi ya zamani

Shika kasha la saa, lilaze ubavu, kisha uache mkanda ujitokeze hewani bila kuushikilia. Mkanda ambao bado ni mzima unainama kidogo tu. Uliochakaa unaporomoka kama kamba, na ukiutazama kwenye mwanga unaona nafasi kati ya pingili na pingili. Watu husema umevutika, lakini chuma chenyewe hakikuvutika. Jasho na vumbi viliingia kwenye maungio, vikawa tope la kusagia, na kila mkono ulipojongea tope hilo lilikuwa linakula pini na tundu lake kama msasa. Ungio moja likilika milimita 0.15 huoni kitu. Maungio 20 yakilika hivyo, mkanda umerefuka milimita 3, na kila pingili inacheza.

Ndiyo maana kutoa pingili moja hakuponyi mkanda uliolegea. Kunaufupisha tu, na maungio yaliyobaki yanaendelea kulika yaleyale.

Kanuni ya kazi yote hii ni moja: mkanda unapatikana, kasha la zamani halipatikani. Kila uamuzi, wa upana, wa uzito, wa pini, uamue kwa kujiuliza utafanya nini kwenye masikio ya saa, yaani zile pembe nne zinazoshika mkanda. Mkanda unaopendeza lakini unakwaruza masikio ni hasara.

Kabla ya kuuondoa

Kulegea peke yake si sababu ya kubadilisha. Badilisha ukiona pini inachungulia pembeni, ukiona ufa kwenye mkunjo wa pingili, au kifungio kikifunguka chenyewe hata baada ya kusafishwa. Mengine yote yaweza kusubiri, na mara nyingine kuloweka mkanda kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kwa dakika 15 na kuusugua kwa mswaki laini kunaurudishia adabu kuliko ulivyotarajia. Ila ujue jambo moja: mkanda uliochakaa sana wakati mwingine hulegea zaidi ukishasafishwa, kwa sababu uchafu ndio uliokuwa umejaza nafasi.

Geuza mkanda usome namba zilizogongwa ndani ya kifungio na nyuma ya vichwa vya mkanda, yaani vile vipande viwili vya mwisho vinavyoingia katikati ya masikio. Namba hizo ndizo anwani yake. Kwenye Omega Speedmaster, kwa mfano, mkanda 1171 huenda na kichwa namba 633, na ule wa pingili bapa 1039 huenda na kichwa 516. Yote ni ya saa yenye upana wa milimita 20 kati ya masikio. Mkanda wa zamani wa Rolex uitwao Jubilee, wenye namba 6251H, ambao pingili zake ni bati lililokunjwa, huvaa kichwa namba 55 kwenye saa ya Datejust. Vifungio vingi vya Rolex vya kabla ya 1976 vina tarehe ya robo mwaka: 3 69 ni robo ya tatu ya 1969. Kuanzia 1976 zikaja herufi. Ukikuta alama ya Gay Frères wa Geneva, umeshika kazi ya kampuni iliyowatengenezea mikanda watengenezaji saa wengi wakubwa, na iliyonunuliwa na Rolex mwaka 1998.

Mkanda wenye namba zinazolingana na saa usiutupe hata kama hauvaliki. Fundi wa mikanda anaweza kujaza matundu na kuweka pini mpya, na hata ukibaki kwenye mfuko tu, thamani ya saa inabaki pamoja nao.

Vipimo

Rula haitoshi. Tumia kalipa, yaani kipimo chenye taya mbili kinachosoma sehemu za milimita, pima nafasi iliyo katikati ya masikio upande wa namba 12 kisha upande wa namba 6, karibu na ncha na karibu na kasha. Saa zilizowahi kuanguka huwa na sikio moja lililopinda kwa ndani, na tofauti ya milimita 0.3 inatosha kumfanya mtu aamini mkanda aliouletewa ni mbovu.

Saa za kiume za miaka ya 1930 na 1940 mara nyingi ni milimita 16. Za miaka ya 1950 na 1960 nyingi ni 18, na nyingine nyingi kuliko watu wanavyodhani ni 19. Hiyo 19 ndiyo mtego mkubwa. Ukiweka mkanda wa 18 kwenye 19, unatembea kushoto na kulia na kula masikio upande wa ndani. Ukilazimisha wa 20, ama unayatanua masikio ama unaacha mikwaruzo minne isiyofutika. Kukwangua mkanda wa 20 kwa tupa hadi 19 kunawezekana ikiwa ncha zake ni nyoofu na za chuma kizima, lakini usijaribu kwenye kichwa kilicho wazi ndani. Bati lake ni jembamba na litatoboka.

Mikanda ya Kimarekani ya zamani, ya Speidel, JB Champion au Kreisler, hupimwa kwa inchi. Inchi 5/8 ni milimita 15.9, inchi 11/16 ni 17.5, na inchi 3/4 ni 19. Kwa hiyo mkanda wa 3/4 ni ndugu halisi wa saa ya 19.

Kisha pima kitu ambacho wengi hukiruka: umbali kutoka katikati ya tundu la sikio hadi ukuta wa kasha. Kwenye saa nyingi nyembamba za zamani tundu liko karibu sana na kasha, na mkanda mnene wa kisasa unagonga ukuta kabla pini haijafika kwenye tundu. Umbali ukiwa milimita 2, mkanda wenye ncha ya duara yenye unene wa milimita 4 umebanwa kabisa. Hauna hata upenyo wa kugeuka.

Ncha, uzito na chuma

Kichwa kilichopinda hufuata duara la kasha moja tu. Duara la saa nyingine, hata kama upana wa masikio ni uleule, litaacha mwanya au litapanda juu ya kasha. Maneno "kinaingia saa zote za milimita 18" kwenye kichwa kilichopinda ni maneno ya muuzaji. Usipopata kichwa chenye namba sahihi, chagua mkanda wenye ncha nyoofu. Mwanya ulionyooka kati ya kasha na mkanda unaonekana umekusudiwa. Mwanya uliopinda vibaya unaonekana kosa.

Angalia pia uzito. Mikanda ya zamani ilikuwa myepesi kwa sababu pingili zake zilikuwa bati lililokunjwa au kufungwa kwa ribiti, na kichwa kilikuwa wazi ndani. Mkanda wa kisasa wa chuma kizima chini ya saa nyembamba ya milimita 34 unaivuta saa upande wa chini ya mkono, na kila mtikisiko unapiga kwenye matundu ya masikio. Matundu hayo yakishakuwa na umbo la yai hayarudi duara ila kwa kujazwa kwa leza na kutobolewa upya. Kwa saa ya miaka ya 1950, mkanda wa punje za mchele, wa nyavu za Milano au wa pingili zilizokunjwa unafaa kuliko mkanda mzito wenye sura ya saa ya kuzamia.

Soma nyuma ya kasha. Maandishi "Stainless Steel Back" yanamaanisha mfuniko wa nyuma tu ndio chuma kisichoshika kutu. Sehemu nyingine ni madini laini yaliyochovywa kromu au maji ya dhahabu. Kwenye kasha la namna hiyo, kichwa cha chuma kigumu kinachocheza kinakula utandu ndani ya miezi, kisha unaona rangi ya shaba. Hapo chagua ncha nyoofu nyembamba kuliko masikio kwa milimita 0.2 au 0.3, ili chuma kisisugue, au rudi kwenye ngozi. Si kila saa inastahili chuma.

Mikanda ya kunyumbuka, ambayo Twist-O-Flex ya Speidel ya mwaka 1959 ndiyo maarufu zaidi, mara nyingi ina ncha za springi zinazojitanua zenyewe kati ya masikio. Urahisi huo una gharama: ncha zinasukuma masikio muda wote na kuchimba mifereji miwili ndani yake. Ukiutoa mkanda wa aina hiyo usishangae kukuta makovu. Yalikuwapo siku nyingi. Na kama saa yako ina vyuma vilivyolehemewa kwenye masikio badala ya pini za kutoka, hakuna mkanda wa kawaida utakaoingia. Unahitaji wenye ncha ya kukunja na kufunga, kama Bonklip.

Pini za springi

Hizi ndizo pini zinazobonyea, zinazoshika mkanda kwenye masikio. Nunua mpya kila unapobadilisha mkanda. Ni kitu cha bei ya chini kuliko vyote kwenye kazi hii, na ndicho kinachoamua kama saa itabaki mkononi au itaanguka.

Urefu unalingana na upana wa masikio: pini ya 18 kwa masikio ya 18. Unene wa mwili huwa milimita 1.3, 1.5, 1.8, 2.0 au 2.5. Chukua ule mnene zaidi unaopita kwenye mrija wa mkanda bila kulazimishwa. Lakini ncha ndiyo inayokaa kwenye tundu, na nyingi ni karibu milimita 0.8. Saa nyingi za kuzamia za Seiko hutumia pini za mwili wa 2.5 na ncha ya 1.1. Ukiweka pini ya kawaida humo inaingia, inabofya vizuri, inaonekana imekaa. Kumbe ncha inaogelea ndani ya tundu, na siku moja inateleza.

Jaribu pini peke yake bila mkanda. Ibane, iachie kati ya masikio, sikiliza mlio wa kila upande, halafu ivute kwa kucha na kuisukuma pande zote. Isipocheza, imefaa. Ikizunguka ni sawa, ikitingishika si sawa.

Kutoa mkanda wa zamani

Andaa kifaa cha pini chenye uma upande mmoja na ncha ya sindano upande wa pili, tepu ya karatasi, lenzi ya kukuzia, kitambaa laini na trei nyeupe yenye kingo. Kazi hii haihitaji kufungua kasha, nalo ni jambo jema, kwa sababu saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960 kwisha zilipakwa radiamu, yenye mionzi, ili mishale ing'ae, na vumbi lake halifai kuvutwa puani.

Bandika tepu mbili juu ya kila sikio, juu na pembeni, na nyingine juu ya kioo. Vioo vya zamani ni vya plastiki na vinakwaruzika kwa kuguswa tu na chuma. Laza saa kifudifudi kwenye kitambaa. Ingiza uma kati ya sikio na kichwa cha mkanda, tafuta ukingo wa pini, usukume kuelekea katikati ya mkanda na papo hapo uinue kidogo. Usitumie nguvu ya bega. Uma ukiteleza, unateleza kuelekea kwenye sikio. Elekeza mkono wako uteleze kuelekea nje ya saa, si kwenye kasha.

Kama sikio lina tundu lililopenya hadi nje, kazi ni rahisi: sukuma ncha ya pini kwa sindano kutoka nje.

Kichwa kilichokunjwa, yaani kile cha bati kilicho wazi ndani, kikitoka kitatengana na mkanda, na hapo wengi hudhani wamevunja kitu. Hujavunja. Kwenye miundo hiyo pini moja ndiyo inayoshika kichwa na pingili ya kwanza kwa pamoja. Piga picha kabla ya kutoa, uone ulimi wa pingili unavyokaa ndani ya kichwa.

Pini iliyoshikwa na kutu, itie tone dogo la mafuta ya kulainisha kutu kwa ncha ya kijiti cha meno, uache hadi kesho yake. Tone kubwa linatambaa chini ya kioo. Isipotoka, ikate katikati kwa msumeno mwembamba wa sonara, utoe mkanda, kisha uvute vipande kwa kibano. Ncha ikikatikia ndani ya tundu lisilopenya, simama. Usichimbe kwa sindano wala kutoboa kwa mkono. Mafundi saa huyeyusha chuma kilichokatikia ndani ya shaba kwa maji ya shabu, lakini lazima mashine ya saa itolewe kwanza, na kasha lijulikane ni la madini gani.

Masikio yakiwa wazi, toa tope kwa kijiti cha meno kikavu, kisha mswaki wenye unyevu tu. Usidhani saa ya miaka 50 inazuia maji, hata kama imeandikwa hivyo. Na usiyapige masikio msasa wala mashine ya kung'arisha "kwa kuwa mkanda umetoka". Kingo kali za masikio ndizo zinazoonyesha kasha halijaguswa, na zikishayeyuka hazirudi.

Kufunga mpya

Jaribu kichwa kwenye masikio kabla ya pini. Kinatakiwa kuingia kwa kusukumwa na vidole viwili, bila kukwama na bila kugongana pembeni. Kikikwama, tafuta mahali kinapogusa: paka wino wa kalamu pembeni ya kichwa, kiingize, kitoe, uone wino umefutika wapi. Hapo ndipo pa kupitisha tupa laini, mara tatu au nne tu, kisha ujaribu tena. Tupa inafanya kazi kwenye mkanda, si kwenye sikio kamwe.

Kwa kichwa kilichokunjwa, kusanya kichwa, ulimi wa pingili na pini nje ya saa, uhakikishe mkanda unageuka kwa uhuru. Ingiza ncha moja ya pini kwenye tundu, bana ncha ya pili kwa uma, telezesha kuelekea tundu lake, uachie. Ncha ikisimama kabla ya tundu, usiitikise juu chini. Sogeza kichwa kizima kwa kidole gumba hadi ibofye. Kisha vuta mkanda kwa nguvu ya kawaida kuelekea juu, chini na kando, juu ya kitambaa. Kama itatoka, itoke hapo.

Kichwa kinacholia kama njuga baada ya kufungwa kimelegea mdomo. Kitoe, funika koleo kwa tepu, ubane kidogo ukingo unaoshika pini. Kidogo maana yake ni usichokiona kwa macho. Ukizidisha, mdomo unabana mrija, mkanda unakakamaa na kuvunja pini.

Kukata kwa kipimo cha mkono

Weka kwanza pini ya kifungio kwenye tundu la katikati, ili ubaki na nafasi ya kulegeza siku ya joto na kubana siku ya baridi. Vaa saa, bana ziada chini ya mkono, uhesabu pingili zilizobanwa. Toa sawa pande zote mbili. Zikiwa namba witiri, ile ya ziada toa upande wa namba 6, kwa kuwa upande huo mfupi ndio unaokileta kifungio katikati ya mkono kwa watu wengi. Ukishafunga, kidole kidogo kipite chini ya kifungio kwa kubanwa kidogo.

Mishale nyuma ya pingili inaonyesha pini inatokea upande gani. Sukuma kwa sindano iliyo nyembamba kuliko pini, kisha ukumbuke kanuni hii inayomaliza ubishi wote kuhusu ncha ipi ianze: ilivyotoka ndivyo inavyorudi, upande uleule, ncha iliyotoka mwisho ikitangulia kuingia. Kwenye baadhi ya mikanda ya Seiko na Citizen kuna kijimrija ndani ya pingili ya kati ambacho ndicho kinachoibana pini. Kinadondoka bila sauti. Trei nyeupe ni kwa ajili yake, na bila hicho pini itaingia kwa ulaini wa kutiliwa shaka na kutoka yenyewe barabarani.

Mikanda mingine ina skrubu badala ya pini. Zinazokataa kufunguka mara nyingi zimetiwa gundi. Ondoa mkanda kwenye saa, upashe moto ungio kwa mashine ya kukaushia nywele, halafu tumia bisibisi inayojaza mfereji wote wa skrubu. Wakati wa kurudisha, tone dogo la gundi ya nguvu ndogo, kama Loctite 222 ya zambarau, linatosha kwenye nyuzi za mwisho. Ya nguvu kubwa itakulazimisha kuvunja skrubu safari ijayo.

Pingili zilizokunjwa hufunguliwa kwa kuinua ulimi wa bati. Uinue kiasi cha pini kupita tu, na mara moja. Bati hilo limechoka kwa umri. Mkunjo wa tatu au wa nne ndio unaokatika. Kwenye mkanda wa ribiti, pingili zisizo na skrubu usiziguse.

Baada ya wiki moja ya kuvaa, vua, utazame kila pini chini ya lenzi, na ndani ya masikio kama kuna alama mpya inayong'aa. Ikiwapo upande mmoja tu, kichwa kinasugua hapo: kitoe urudie wino na tupa. Ikiwapo pande zote mbili, mkanda unatembea, na dawa ni pini nene zaidi au mkanda wa upana sahihi. Mkanda wa zamani uukaushe kabisa, uutie kwenye mfuko pamoja na pini zake na zile pingili ulizozitoa kwenye mpya, na karatasi yenye namba za kifungio na vichwa.